Siku Mwaitu Alipoacha Kuonja

Leo asubuhi nimekula chapati mbili kwa maharagwe, na nilipofika katikati ya ile ya pili nikagundua kwamba sijahesabu. Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Mimi kwa karibu mwaka mzima nilihesabu kila nilipotafuna, mara arobaini, mara hamsini, mpaka chakula kinageuka maji mdomoni, na bado koo lilikataa kukipokea. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi amekaa mbele ya sahani iliyopoa huku watu wa nyumbani wakimtazama. Mimi si daktari. Nina hoteli ya chakula hapa Emali, karibu na mahali malori yanapoegeshwa, na kazi ninayoijua ni kupika. Nitaeleza yaliyonipata, wewe uchukue yatakayokufaa.

Jina langu ni Kamene, ingawa Emali wote huniita Mama Mwende, kwa jina la binti yangu. Nilizaliwa Mukuyuni, Makueni, nikaolewa Ikutha, upande wa Kitui. Mume wangu Musyoka ni fundi wa breki za malori. Krismasi moja tulifunga hoteli tukaenda Ikutha kwa mama yake, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama. Mwaitu alikuwa amechinja mbuzi. Alinichagulia kipande cha ubavu, akanitilia mkononi mwenyewe mbele ya wageni, kwa sababu mimi ndiye mke wa mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nacheka jambo fulani alilosema Musyoka, na nyama ikanikwama kooni.

Sikuweza kukohoa wala kupiga kelele. Niliona mlango, niliona miguu ya watu ikikimbia, kisha mtu akanipiga mgongoni kwa nguvu mara tatu na ile nyama ikaruka. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimekaa, nakunywa maji, na watu wananitania kwamba mwenye hoteli hajui kula. Nilicheka nao. Jioni niliposhika kijiko cha wali, koo lilijifunga. Nilidhani ni uchovu.

Januari, watu wakivuna ndengu, nilikuwa nimeacha nyama. Februari nikaacha ugali na chapati. Mvua ya Machi ilipoanza nilikuwa naishi kwa uji, maziwa na parachichi lililopondwa, na hata uji nilikuwa nauchuja. Sketi zangu nilizifunga kwa pini. Pete ya ndoa ilichopoka kidoleni nikikanda unga, nikaipata nikisukuma chapati, imejificha ndani ya donge. Siku zangu za mwezi zilikatika. Nilisikia baridi hapa Emali, mahali ambapo mbwa hujificha chini ya malori kwa sababu ya jua. Nywele zilitoka kwa kuchana tu. Nasema haya kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba njaa ya muda mrefu hufanya hivyo, nikadhani nina magonjwa matano.

Na mpishi asiyekula ni tangazo baya. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka, aliniuliza siku moja, "Mama, hii chakula wewe mwenyewe hukuli, unataka sisi tukule?" Alisema kwa mzaha. Wiki iliyofuata nikamwona anakula kwa jirani.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi. Benchi la kusubiri lina sheria zake: wa mbele akiingia, wote mnasogea kidogo bila kuinuka, na anayeinuka kwenda choo amepoteza nafasi. Nilisogea hivyo wiki baada ya wiki. Kulikuwa na mzee aliyekumbatia bahasha ya eksirei kama mtoto mchanga, na mama aliyenigawia nusu ya leso yake tuikalie kwa sababu benchi lilikuwa baridi. Yule mama sikumjua jina, na mpaka leo namwombea. Nilinyweshwa dawa nyeupe kama chokaa wakanipiga picha. Nikapitishiwa kamera kooni. Mwishowe daktari akasema, "Mama, koo yako ni safi. Hakuna kitu." Nililia pale pale, na si kwa furaha. Koo lililo safi halina dawa, na mimi nilikuwa nakufa njaa katikati ya masufuria.

Hapo ndipo shangazi yangu wa Mukuyuni, Shangazi Mbula, alipoingia. Alinitazama juu hadi chini.

"Mara ya mwisho ulikula vizuri ilikuwa wapi?"

"Kwa kina Musyoka. Ikutha."

"Kitui," akasema, kama mtu aliyemaliza hesabu.

Sisi wa Makueni tumewatania watu wa Kitui kuhusu uchawi tangu tukiwa watoto. Ni utani wa kila siku, nao wana wao juu yetu. Lakini utani ni utani ukiwa umeshiba. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na tatu, na Shangazi aliposema kuna mama mmoja anayenyonya vitu watu walivyotiliwa mwilini, nilivaa viatu nikamfuata.

Yule mama aliniwekea mdomo shingoni, akavuta, akatema kwenye beseni. Kulikuwa na mate, damu kidogo, na mfupa mdogo. Shangazi akapiga kelele. Mimi niliutazama ule mfupa. Nimekuwa mpishi kwa zaidi ya miaka kumi, nimekata kuku wasiohesabika. Ule ulikuwa mfupa wa bawa la kuku. Mimi nilikwamwa na nyama ya mbuzi. Nilijua saa ile ile kwamba tumedanganywa, nikanyamaza. Nilitaka iwe kweli, ili yaishe. Hilo ni kosa langu na sitalifunika kwa kusema nilikuwa mgonjwa.

Koo halikufunguka. Lakini mfupa ulitembea. Shangazi alisimulia Mukuyuni, Mukuyuni ikasimulia Emali, na kabla mvua haijaisha habari ilikuwa imefika Ikutha: mke wa Musyoka ametolewa mfupa aliotiliwa na mama mkwe.

Kama hutoki kwetu, huenda ukadhani hayo ni maneno tu. Mama mzee akishasemwa hivyo, hayawi maneno tu. Kisimani wanawake walianza kuondoka Mwaitu anapofika. Mtu alikata migomba yake. Kuna asubuhi aliamka akakuta mawe juu ya bati. Musyoka alipopigiwa simu kuelezwa hayo alikaa chini kwenye tairi, akaniuliza swali moja tu, "Na wewe unaamini?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kula." Alienda kulala kwenye chumba cha Mwende siku tatu.

Mwishoni mwa Mei Mwaitu alikuja Emali mwenyewe. Alishuka na gunia la unga wa mtama, kuku mmoja, na kiondo, kikapu alichokuwa anakisuka, hakijafika hata nusu. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alisema, "Nimekuja kukupikia. Nitaonja kila kitu mbele yako na mbele ya hawa wateja wako, ndio wajue."

Kwetu ni desturi: mtu akikupa uji au pombe kwenye kibuyu, huonja kwanza, ndipo akupe. Ni adabu ya zamani, na husahaulika kabla kibuyu hakijafika mkononi. Mwaitu aliifanya kama kiapo. Asubuhi, mchana na jioni alileta bakuli, akasimama mahali anapoonekana, akachota kijiko, akameza, akafungua mdomo nione. Kisha akanipa. Mwende, aliyekuwa darasa la sita, naye alikaa kunitazama. Hata msichana anayenisaidia kuosha vyombo alisimama. Na mimi, na kile kijiko mkononi, nilihisi koo likijifunga kama mfuko wa kamba. Mwaitu aliondoa bakuli. Niliona uso wake, na nilitamani anitukane.

Mwezi wa saba nilianguka jikoni. Nililazwa siku nne kwa dripu. Mizani ilisema kilo hamsini na moja, kutoka sabini na mbili. Daktari wa wodi, mwanamke mtaratibu, alisoma faili langu lote, kisha akasema kuna mwanasaikolojia katika hospitali hiyo hiyo anayetumia hipnosisi, tiba ya kutuliza akili kwa maneno, na kwamba ana imani naye.

Sikiliza mawazo yangu yalikokwenda. Hapa Emali kila mtu anamjua mtu aliyeshikwa bega na mgeni, akatoa simu, pochi na namba ya siri, akaja kurudiwa na akili vitu vimekwenda. Husemwa walimpumbaza. Nilidhani daktari ananipeleka kwa mwalimu wao. Mchungaji wetu naye alikuja wodini, akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, akili yako unampa nani ashike?" Musyoka akasema atakuja, atakaa mlangoni, na huyo mtu akijaribu kitu atanibeba nje.

Bi Ndinda, huyo mwanasaikolojia, alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, amevaa sweta ya kijani. Nilitafuta ile saa ya kuning'inia wanayoonyesha kwenye filamu, nisiione. Kulikuwa na viti vitatu, dirisha, na kalenda ya kanisa.

"Mtanilaza?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hutalala. Utanisikia, utasikia hata hao wauguzi wakipiga story huko nje. Ukitaka kufungua macho, fungua. Ukitaka kwenda, mlango ndio huo. Mimi sina kitu ya kukuingizia. Nitaongea, lakini kazi utafanya wewe."

"Sasa inanisaidia aje?"

"Niambie kwanza. Ukipika chapati mingi na redio inaongea, ushawahi kufika mwisho ukashangaa zimeisha?"

"Kila siku."

"Hapo ulikuwa umelala?"

"Ningeungua."

"Basi ni hapo tu nakupeleka. Akili imeshikilia kitu moja, zile zingine zimepunguza kelele. Ukiwa hapo, mwili unasikia maneno vizuri zaidi."

Akaniambia nifumbe macho nikande unga. Hakunieleza jinsi, aliniuliza mimi: maji ya joto kiasi gani, unga unashika vidole vipi, mafuta unatia lini. Nilimjibu. Sauti yake ilipungua ikawa kama ya mtu anayeongea na mtoto anayesinzia. Baada ya muda nilisikia mikono yangu mizito, ingawa ilikuwa imelala mapajani haifanyi kitu. Nilifungua macho mara mbili, kuhakikisha mkoba wangu upo. Upo. Bi Ndinda hakukasirika. Nilisikia muuguzi nje akilalamika kuhusu zamu ya Jumapili. Na nilisikia mkoromo. Musyoka, aliyekuja kunilinda nisilazwe, alikuwa amelala kwenye kiti cha mlangoni, kichwa kimeanguka nyuma. Nilicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Siku hiyo sikumeza chochote. Niliondoka nikidhani nimepoteza asubuhi.

Nilirudi Jumanne baada ya Jumanne, mara sita, tangu Agosti kavu mpaka mawingu ya Oktoba. Nyumbani nilifanya mazoezi peke yangu mara mbili kwa siku, kabla ya kuwasha moto na baada ya kuuzima, na nadhani hayo ndiyo yalifanya kazi kubwa.

Mara ya pili, nikiwa nimefumba macho, Bi Ndinda aliniuliza, "Tangu uingie hapa umemeza mate mara ngapi?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukuangalia. Basi koo yako inajua kazi yake, mama. Haijasahau. Ni vile ukiweka chakula, unaisimamia."

Maneno hayo nilirudi nayo Emali. Kwangu jioni Mwaitu alikuwa anasuka kiondo. Mwaitu husuka akitembea, akiongea, akigombeza kuku, macho yako kwingine kabisa na vidole vinapitisha uzi. Nilipokuwa bibi arusi alinifundisha, na kila nilipotazama vidole vyangu vilichanganyikiwa. Alikuwa akisema, "Wacha kuangalia, mkono unaona." Miaka yote hiyo nilidhani ananifundisha kusuka tu.

Mara ya tatu tulirudi kwenye ile Krismasi. Bi Ndinda aliniambia nijione nimesimama mlangoni, mbali, nitazame kama anayetazama watu wengine, na nikitaka nisimamishe niinue kidole. Mwili ulitoka jasho lakini sikuinua kidole. Niliona sahani, niliona kicheko changu, na niliona mkono unaonipiga mgongoni. Ulikuwa na bangili ya shaba. Nilifungua macho nikasema, "Ni Mwaitu."

Bi Ndinda aliweka kalamu chini. "Pole pole. Hipnosisi si kamera. Mtu anaweza ona kitu haikuwa. Usibebe hiyo kama ushahidi. Enda nyumbani uulize mwenye alikuwa hapo."

Nilimuuliza Mwende akiosha miguu. Alinishangaa. Yeye Mwaitu humwita Susu, yaani nyanya. "Si ni Susu alikupiga mpaka nyama ikatoka? Si kila mtu aliona?"

Kila mtu aliona. Musyoka aliona, wageni waliona, na mimi ningeuliza tu ningeambiwa. Hakuna aliyeficha. Uvumi ulipoingia ulikaa mbele ya kweli, na sote tukawa tunaangalia uvumi. Niliingia chooni nikalia kwa aibu. Mwanamke huyu alinitoa mauti kwa mkono wake, nikamlipa kwa mfupa wa kuku.

Sitaki udhani mambo yalinyooka. Wiki ya nne nilikula vijiko vitatu vya ugali laini, nikampigia simu Musyoka gereji nikipiga vigelegele. Kesho yake mteja mmoja akasema kwa sauti, "Leo mama anakula!" na meza zote zikageuka. Nilitema chakula kwenye aproni. Nilimwambia Bi Ndinda kazi yake ni bure. Alinisikiliza, kisha akataka nimtajie kila mtu anayenitazama nikila. Nikawataja.

"Na Mwaitu akionja, wewe unafikiria nini?"

"Nafikiria sumu."

"Kabla aanze kuonja, ulikuwa unafikiria sumu?"

"Hapana. Nilikuwa nafikiria kukwamwa tu."

Hapo nikasikia nilichosema. Mwaitu alikuwa akionja ili kufukuza lile neno, na kila mara alipoonja alikuwa analitia kwenye bakuli pamoja na uji. Mlo mmoja ulikuwa kesi nzima, mimi ndiye hakimu, na koo langu ndilo hukumu.

Kumwambia haikuwa rahisi. Nilimkuta nyuma ya hoteli akichambua maharagwe, nikakaa chini kwenye kigunia, kimo chake.

"Mwaitu, nakuomba usionje tena."

Mikono yake ilisimama. "Nisionje? Halafu waseme nini?"

"Ukionja, koo inafunga."

"Mama Mwende. Hiyo kuonja ndio kitu imenibakia. Wamekata ndizi zangu. Nikiwacha kuonja, nitaonyesha watu nini?"

"Mimi siamini ulinitilia kitu."

"Lakini ulienda kwa yule mama."

"Nilienda."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe, Mwaitu."

Alirudi kwenye maharagwe. Aliyamaliza yote, akapepeta, akatia kwenye sufuria. Kesho yake alifunga mzigo wake akarudi Ikutha bila kuniambia amenisamehe au la. Musyoka alimsindikiza. Nilibaki nikila uji kijiko kwa kijiko, peke yangu, uso ukutani, bila mtu wa kunitazama, na sehemu kubwa ilishuka. Nilipona kidogo na kuumia kwa wakati mmoja.

Novemba mvua ilinyesha vizuri. Nilikuwa nakula muthokoi uliopondwa, mahindi na maharagwe yaliyopikwa yakalainika kabisa, mradi niko peke yangu. Kisha simu ikatoka Ikutha. Mzee Kilonzo, ami yake Musyoka na mkubwa wa ukoo, alikuwa ameamua: Desemba ukoo ukikutana, mke wa Musyoka atakula chakula cha mama mkwe wake mbele ya wote, na maneno yaishe hapo.

"Na nikishindwa?" nilimuuliza Musyoka.

Tulijua wote wawili. Nikishindwa kumeza, ukoo mzima utakuwa umeona kwa macho. Baada ya hapo hakuna atakayemlinda Mwaitu, na mimi ndiye nitakayekuwa shahidi.

Nilikwenda kwa Bi Ndinda nje ya ratiba. Aliniambia ukweli. "Hiyo ni mtihani mbaya kabisa kwa koo yako. Unaweza kukataa."

"Nikikataa ni kama nimesema ndio."

Alifikiri, kisha akaniambia nifumbe macho. Safari hii hatukukanda unga. Aliniuliza ni mikono gani ninayoijua inayofanya kazi bila kutazamwa. Nikasema ya Mwaitu. Akaniambia niitazame ikisuka, uzi juu, uzi chini, mpaka nisikie koo langu nalo limeachwa lifanye kazi yake. Tulirudia mara nyingi. Aliniambia pia, "Sijui kama itafanya siku hiyo, mama. Sitakudanganya." Nilimpenda kwa hilo.

Ikutha ilikuwa kijani. Watu kama arobaini walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa, na wengine kwenye matofali. Mwaitu alikuwa jikoni. Hatukuwa tumesemezana tangu yale maharagwe. Mzee Kilonzo aliomba, akaeleza kilichotuleta, akaniita. Niliomba niseme kwanza.

"Mimi ni mpishi," nikasema. "Huo mfupa mlisikia nilitolewa, ulikuwa wa kuku. Mimi nilikuwa nimekula mbuzi. Nilijua siku hiyo hiyo na nikanyamaza. Na mwenye alinipiga mgongo nyama ikatoka ni Mwaitu. Mlikuwa hapa, mliona. Ugonjwa yangu ni ya woga, na natibiwa hospitali."

Sikumwona Shangazi Mbula, ambaye nilikuwa nimemwita, kwa hivyo nikajua atasikia kwa njia ile ile aliyosambazia.

Mwaitu akatoka na sahani ya muthokoi. Haukupondwa. Alitembea katikati ya watu, akafika mbele yangu, na kila mtu akangoja mkono wake uende kwenye kijiko.

"Onja, mama," akasema Mzee Kilonzo.

"Sionji."

Watu waliguna. Mzee Kilonzo alirudia, kwa sauti ya chini zaidi.

"Nasema sionji," Mwaitu akasema. "Mwenye huonja ni mwenye ameshtakiwa. Mimi nampea mtoto wangu chakula."

Akanikabidhi sahani. Aliweka uhai wake mikononi mwangu namna hiyo, mbele ya ukoo, bila kinga. Kisha akavuta kigoda, akakaa ubavuni pangu akinipa mgongo nusu, akatoa kiondo kwapani. Ni kile kile alichokuja nacho Emali, sasa kimefika shingoni. Akaanza kusuka, na kumuuliza Mzee Kilonzo kama ng'ombe wake aliyepotea amepatikana. Mzee, kwa kushangaa, akajibu. Ng'ombe alikuwa amepatikana, amevunjika pembe.

Nilitazama vidole vyake. Uzi juu, uzi chini. Nilitia kijiko mdomoni nikatafuna. Koo lilianza kukaza, nikalisikia likikaza, na sikulikimbilia. Nilibaki na vidole. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mzee Kilonzo alikuwa anaeleza habari za pembe, na Mwaitu anasema mnyama wa namna hiyo auzwe tu, ni mkorofi tangu ndama. Nilikuwa na maoni kuhusu huyo ng'ombe, nikafungua mdomo kuyatoa, ndipo nilipogundua kwamba mdomo wangu ni mtupu na kijiko kiko kwenye sahani kinachota tena.

Hakuna aliyepiga makofi. Musyoka alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Nilikula polepole, nikipumzika katikati, mpaka nikaona maua yaliyochorwa kwenye sahani.

Kabla sijamaliza niseme neno kwako wewe unayesoma. Pimwa koo kwanza, kwa maana mengine ni ya upasuaji na hakuna maneno yatakayoyaondoa. Ukiambiwa ni safi, usione umeitwa mwongo. Uliza kama kuna mtu aliyesomea kazi hii, na umuulize kila kitu kabla ya kufumba macho. Huenda ikakusaidia, huenda isikusaidie. Mimi bado kuna siku nakula uso ukutani, na nyama ya mbuzi sijarudia. Na nyinyi mnaomtazama mgonjwa akila, tafuteni kazi ya mikono.

Sasa nirudi Ikutha. Sahani ilipobaki tupu niliishikilia tu, sijui niiweke wapi. Mwaitu hakugeuka. Vidole havikusimama.

"Chumvi ilitosha?" akauliza.

"Ilitosha, Mwaitu."

"Basi lete sahani, nikuongezee."